Chumvi Iliyokosekana Kwenye Kopo

Mwezi Julai 1979, daktari wa figo za watoto mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, alijikuta na wagonjwa watatu wenye dalili zinazofanana. Wote walikuwa wachanga, hawaongezeki uzito, wamelegea, na vipimo vya damu vilionyesha kwamba wamepungukiwa mno na kloraidi, ile sehemu ya chumvi ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuikosa. Hali hiyo ni nadra sana kwa mtoto mchanga. Daktari huyo, Shane Roy, hakuamini kwamba watoto watatu wangeipata kwa mpigo bila sababu moja. Alipochunguza walikuwa wakilishwa nini, akakuta wote wanakunywa Neo-Mull-Soy, maziwa ya soya yaliyotengenezwa na kampuni ya Syntex ya California kwa ajili ya watoto ambao matumbo yao hayakubali maziwa ya ng'ombe.

Roy alitoa taarifa kwa kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichoko Atlanta. Chanzo kikajulikana upesi. Mwaka mmoja kabla, 1978, Syntex ilikuwa imeacha kutia chumvi ya kawaida katika maziwa hayo. Haikukusudia ubaya. Wakati ule wataalamu walikuwa wakionya kwamba chumvi nyingi utotoni huenda ikamletea mtu shinikizo la damu ukubwani, na watengenezaji wa vyakula vya watoto walikuwa wakiipunguza. Ila chumvi ile ile ndiyo iliyokuwa ikileta kloraidi. Ilipoondolewa, kloraidi ikaondoka nayo, na upungufu huo haukubainika kiwandani. Ulibainika katika damu ya watoto.

Agosti 1979 kampuni iliyaondoa sokoni maziwa hayo pamoja na ndugu yake, Cho-Free. Mwishowe, watoto waliojulikana kuugua walipita mia moja. Mtoto aliyekosa kloraidi katika miezi yake ya kwanza hukosa kukua wakati ambapo ubongo unakua kwa kasi kuliko umri mwingine wowote, kwa hiyo wazazi walibaki na hofu ambayo daktari yeyote asingeweza kuwaondolea: je, mtoto huyu atasema kwa wakati, atasoma, atakuwa kama wenzake?

Swali lililofuata lilikuwa la kisheria, na jibu lake liliwashtua Wamarekani wengi. Nchi hiyo ilikuwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, yenye sifa duniani kote. Tangu 1941 ilikuwa na kanuni za lebo za vyakula vya watoto, na mwaka 1971 iliongeza kanuni za virutubishi. Hata hivyo, hakuna sheria iliyomlazimisha mtengenezaji kupima kila toleo la maziwa kabla halijatoka kiwandani, wala kuiarifu serikali anapobadilisha mchanganyiko. Maziwa ambayo kwa mtoto fulani ndiyo chakula pekee, asubuhi, mchana na usiku, yalisimamiwa kama biskuti na mchuzi wa kopo. Hapo ndipo penye kosa. Mtu mzima akila mkate uliokosa kitu, atakipata kwenye mboga, samaki au maharage. Mtoto wa miezi miwili hana chakula cha pili.

Mama wawili waliokuwa wamewalisha watoto wao maziwa ya Syntex, Carol Laskin na Lynne Pilot, hawakusubiri serikali ijirekebishe yenyewe. Waliunda kikundi, wakakiita Formula, wakawatafuta wazazi wengine na kwenda kutoa ushahidi mbele ya wabunge mjini Washington. Walikuta sikio kwa mbunge kijana wa Tennessee, Al Gore, ambaye miaka mingi baadaye angekuwa Makamu wa Rais. Jambo moja lililowaudhi wabunge ni kwamba baada ya kampuni kutangaza kuyaondoa maziwa hayo sokoni, bado makopo yalikuwa yakionekana kwenye rafu za baadhi ya maduka. Tangazo lilikuwa limetolewa, bidhaa ikabaki.

Tarehe 26 Septemba 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini Sheria ya Maziwa ya Watoto Wachanga. Ilikuwa sheria ya aina yake, kwa sababu jedwali la virutubishi liliandikwa ndani ya sheria yenyewe badala ya kuachiwa maofisa waliandike baadaye. Kloraidi ikapewa mipaka yake: isipungue miligramu 55 wala kuzidi 150 kwa kila kilokalori 100. Mtengenezaji akalazimika kuiarifu FDA siku 90 kabla ya kuingiza maziwa mapya sokoni, kutunza kumbukumbu, na kuyaondoa maziwa yenye kasoro mara moja. Mwaka 1986 sheria ilikazwa zaidi, upimaji wa kila toleo ukawekwa bayana. Orodha ya leo ina virutubishi 30 vyenye kima cha chini, na 10 kati yake vina kima cha juu pia. Kuna jambo watu wengi hawalijui: hadi leo FDA haitoi kibali cha kuyaidhinisha maziwa hayo kabla hayajauzwa. Inaarifiwa, inakagua viwanda, na inaweza kuzuia. Jukumu la kuthibitisha ubora linabaki kwa mtengenezaji.

Ili kuelewa kwa nini dola kubwa kama ile ilichelewa kiasi hicho, ni lazima kurudi nyuma zaidi ya karne. Mwaka 1865 mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig alitangaza chakula cha mtoto kilichotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano, unga wa kimea na chumvi ya potasiamu. Miaka miwili baadaye Henri Nestlé, mfamasia aliyeishi Vevey nchini Uswisi, alianza kuuza unga wake wa maziwa, ngano na sukari. Watu hawa waliamini kwamba kemia imeshayasoma maziwa ya mama hadi mwisho. Lakini neno vitamini lenyewe lilibuniwa mwaka 1912. Kwa karibu nusu karne, basi, watoto walilishwa unga ambao watengenezaji wake hawakuwa na namna ya kujua umekosa nini, na serikali zisingeweza kuweka kiwango cha kitu kisichojulikana.

Hata elimu ilipopatikana, haikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watoto kadhaa nchini Marekani walipatwa na degedege bila homa. Walikuwa wakinywa SMA, maziwa ya maji yaliyofungwa kwenye makopo na kupikwa kwa joto kali ili kuua vijidudu. Joto lile lilikuwa limeharibu vitamini B6. Watoto walipopewa vitamini hiyo, degedege likakoma. Kisa hiki kilipaswa kuwaamsha watunga sheria miaka 25 kabla ya Memphis: mchanganyiko unaweza kuwa sahihi kwenye karatasi na ukaharibika kwenye tanuri. Tiba ikapatikana, kampuni ikarekebisha, na hakuna aliyeandika sheria.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango mwingine. Wakati Washington ikibishana juu ya kilichomo ndani ya kopo, ubishi wa Nairobi na Dar es Salaam ulihusu namna kopo linavyomfikia mama. Daktari Cicely Williams, aliyewahi kufanya kazi Ghana ya leo na kuuandikia ulimwengu wa tiba habari za kwashakoo, alisimama mbele ya klabu ya Rotary mjini Singapore mwaka 1939 na kusema wazi kwamba kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha na kutumia maziwa ya kopo ni sawa na kuua. Miaka 35 baadaye, 1974, shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu cha mwandishi Mike Muller juu ya biashara hiyo katika nchi maskini. Wanaharakati wa Uswisi wakakitafsiri na kukipa kichwa kilichoituhumu Nestlé moja kwa moja kuwa inaua watoto. Kampuni ikawashtaki mjini Bern, na mwaka 1976 wakatozwa faini ya faranga 300 kila mmoja. Ilishinda kesi, ila ulimwengu mzima ukawa umesikia. Katika miaka hiyohiyo Mjerumani Peter Krieg alipiga nchini Kenya filamu ya Bottle Babies, iliyotoka 1975 na kuonyeshwa makanisani na vyuoni huko Ulaya na Marekani.

Kilichoonekana katika filamu ile kilijulikana na kila muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Wauzaji waliovaa sare kama za wauguzi walizunguka wodini wakigawa makopo ya bure. Mama akitumia sampuli kwa wiki moja au mbili, maziwa yake mwenyewe hupungua, kwa kuwa titi lisilonyonywa huacha kutoa. Baada ya hapo hana budi kununua. Bei ikimshinda, anaongeza maji ili kopo la siku nne lifike wiki. Maji yenyewe ni ya mtoni au ya kisima, chupa haichemshwi kila mara kwa kuwa kuni au mafuta ya taa ni ghali, na mtoto anaanza kuharisha. Kopo lenyewe lingeweza kuwa safi kabisa, limepita kila kipimo cha maabara, na bado mtoto akafa.

Julai 1977 Wamarekani walianza kususia bidhaa za Nestlé. Mei 1978 Seneta Edward Kennedy aliwaita wakuu wa kampuni za maziwa mbele ya kamati ya Seneti. Hatimaye, tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga upande wowote, na moja tu ilikataa: Marekani. Nchi ambayo miezi minane tu kabla ilikuwa imewawekea watoto wake sheria kali ya ubora iligoma kuungana na dunia juu ya namna ya kuyauza maziwa hayo kwa watoto wa wengine. Doa hilo halijafutika. Kanuni hiyo ilikataza matangazo kwa umma, sampuli za bure kwa akina mama, zawadi kwa wahudumu wa afya, na picha za kuyapamba maziwa ya kopo kwenye lebo. Mwaka huohuo tume ya Codex, iliyoanzishwa mwaka 1963 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO, ili kusawazisha viwango vya vyakula, ilitoa kiwango chake cha kimataifa cha maziwa ya watoto wachanga. Nchi isiyo na maabara kubwa ikawa na pa kuanzia.

Kenya iliifanya kanuni ya Geneva kuwa yake mwaka 1983 kupitia Shirika la Viwango, KEBS, ingawa bila nguvu ya kutosha ya kisheria. Wakenya walisubiri hadi 2012 kupata sheria ya Bunge yenye adhabu. Tanzania, ambayo taasisi yake ya chakula na lishe ilikuwa ikifanya kazi tangu 1973, ilitunga kanuni zake za kitaifa 1994 na kuziandika upya 2013. Ndiyo maana lebo ya kopo linalouzwa kihalali katika nchi hizi inapaswa kumwambia mama kwamba maziwa yake ni bora kuliko yale anayotaka kununua. Hakuna bidhaa nyingine nyingi dukani zinazolazimishwa kusema hivyo.

Kwa muda ilionekana kana kwamba nusu ile nyingine ya kazi, yaani ubora wa kilichomo ndani, imekwisha. Haikuwa hivyo. Mwaka 2003 watoto nchini Israel walianza kuugua baada ya kunywa maziwa ya soya ya Remedia, yaliyotengenezwa Ujerumani na kampuni ya Humana. Vitamini B1 ilikuwa karibu haimo, ingawa lebo ilidai imo. Baadhi ya watoto walikufa, wengine wakabaki na ulemavu. Ni Memphis tena: soya tena, mchanganyiko uliobadilishwa tena, kirutubishi kimoja tena. Mwaka uliofuata, katika mji wa Fuyang nchini China, maofisa waligundua unga wa maziwa wa kughushi usio na protini ya maana. Watoto walivimba vichwa na kukonda viungo, na zaidi ya kumi wakafa kwa utapiamlo huku wakinyweshwa kila siku.

Fuyang ilikuwa onyo, na China haikulisikia. Mwaka 2008 kampuni ya Sanlu ya Shijiazhuang, mojawapo ya kampuni kubwa za maziwa nchini humo, ilikuwa ikinunua maziwa kupitia vituo vya kukusanyia kutoka kwa wafugaji wadogo. Maziwa yalikuwa yakichakachuliwa kwa maji njiani. Kiwanda kilipima protini kabla ya kulipa, lakini kipimo kilichotumika hakihesabu protini yenyewe. Kinahesabu naitrojeni iliyomo, kisha protini inakadiriwa. Wachakachuaji waligundua kwamba melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki na sahani ngumu, imejaa naitrojeni na ni rahisi. Wakaitia. Mashine ikasoma protini isiyokuwepo.

Melamini ilipoingia mwilini iliungana na asidi ya yuriki na kuganda kuwa mawe kwenye figo za watoto. Malalamiko ya wazazi yalikuwa yameifikia Sanlu tangu Desemba 2007. Mwanzoni mwa Agosti 2008 bodi ya kampuni, ambayo ndani yake kampuni ya Fonterra ya New Zealand ilikuwa na asilimia 43 ya hisa, ilishajua. Beijing ilikuwa ikijiandaa kufungua michezo ya Olimpiki wiki hiyohiyo, na umma haukuambiwa. Ni hadi 11 Septemba, baada ya serikali ya New Zealand kuiarifu Beijing na gazeti moja la Shanghai kuitaja kampuni kwa jina, ndipo Sanlu ilipotangaza kuyaondoa maziwa yake. Hesabu rasmi ilifikia watoto 6 waliokufa na karibu 300,000 walioathirika. Watu wawili waliuawa kwa hukumu ya mahakama mwaka 2009, na mkuu wa kampuni, Tian Wenhua, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Katika kisa hicho chote, jambo moja linastahili kurudiwa kwa sauti. Bidhaa za Sanlu zilikuwa na cheti cha serikali cha kusamehewa ukaguzi, zawadi iliyotolewa kwa kampuni zenye jina zuri. Mpango huo ulifutwa Septemba ileile. Serikali iliyomwambia mkaguzi asiingie kiwandani ilibeba sehemu yake ya lawama, na hukumu za mahakama hazikuigusa vya kutosha.

Mawimbi ya kashfa hiyo yalifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Tanzania na Burundi zilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopiga marufuku maziwa kutoka China mwezi huohuo. Mwaka 2010 Codex iliweka kikomo cha melamini: miligramu 1 kwa kila kilo ya unga wa maziwa ya watoto. China nayo ilitunga sheria ya usalama wa chakula mwaka 2009, ikaikaza 2015, na kuanzia 2018 kila kiwanda kikaruhusiwa chapa zisizozidi tatu.

Bado kuna adui ambaye hakuna jedwali la virutubishi linaloweza kumkamata. Unga wa maziwa hauuawi vijidudu vyote. Haujawahi kuwa safi kama dawa ya sindano. Bakteria aitwaye Cronobacter huweza kuishi katika unga mkavu kwa muda mrefu, na anapompata mtoto mchanga, hasa njiti, hushambulia damu na utando wa ubongo. Mwaka 2001 mtoto mmoja alikufa hivyo katika hospitali ya Tennessee, jimbo lilelile la Shane Roy. Codex ikajibu mwaka 2008 kwa kanuni za usafi: sampuli 30 za gramu 10 kila moja zipimwe, na Cronobacter asionekane hata katika moja; na kwa bakteria Salmonella, sampuli 60 za gramu 25. FAO na WHO zikashauri unga uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70 za Selsiasi, kisha upozwe kabla ya kumpa mtoto. Na Februari 2022, kiwanda cha Abbott mjini Sturgis, Michigan, kilipofungwa kwa sababu ya bakteria huyo, Marekani ilikosa maziwa kiasi cha kuyaleta kwa ndege za kijeshi kutoka Ujerumani. Serikali ilikuwa imedhibiti ubora ikaacha kampuni chache zilishe taifa zima.

Botswana ilijifunza kwa uchungu upande wa maji. Serikali yake iligawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye virusi vya UKIMWI ili wasiwaambukize watoto. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 zilipochafua vyanzo vya maji, kuhara kulienea, na wengi wa watoto waliolazwa walikuwa wale wasionyonyeshwa. Maziwa hayakuwa na kasoro.

Tanzania ilifanya badiliko kubwa mwaka 2019. Usimamizi wa chakula ulihamishwa kutoka mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ambayo sasa ni TMDA ya dawa na vifaa tiba, ukapelekwa Shirika la Viwango, TBS. Mtu anaweza kubishana kama ni busara kutenganisha chakula cha mtoto na mamlaka ya dawa, maana maziwa ya njiti hospitalini yanakaribia kuwa dawa. Lililo muhimu zaidi ni je, taarifa inasafiri? Kule Memphis watoto waliokolewa kwa sababu daktari mmoja alijua ofisi ya kuipigia simu, na ofisi ile ikachukua hatua. Muuguzi wa zahanati ya Tandahimba au ya Lodwar anapoona watoto watatu wenye dalili moja na kopo la aina moja, anapaswa kujua ampigie nani, na anayepigiwa awe na maabara inayoweza kujibu kwa siku chache. Wabunge wa Dodoma na Nairobi wanapopitisha bajeti za TBS na KEBS, waulize hilo kwanza.

Na mzazi ambaye kwa sababu za afya, kifo au kazi analazimika kumlisha mtoto maziwa ya kopo, asinunue yanayopimwa kwa kijiko kutoka mfuko uliofunguliwa. Atazame tarehe ya mwisho wa matumizi, achemshe maji, na aandike namba ya toleo mahali kabla hajalitupa kopo. Tangazo la kuondoa maziwa sokoni hutaja namba hiyo, na bila kuwa nayo hataweza kujua kama mtoto wake alikunywa.